Ganda Lenye Matundu Mawili

"Leo nasema," aliniambia langoni kwao, akinishika kiwiko. "Kabla chai haijaisha, mama atakuwa amejua."

"Utasemaje?"

"Nitasema kama ilivyo."

"Niambie maneno yenyewe. Nataka niyasikie kabla yake."

Alicheka. Kicheko chake kilikuwa cha chini, kama mtu anayesafisha koo, na baada ya miaka miwili bado kilikuwa kinaniingia mpaka kwenye mifupa. "Nitasema: mama, huyu ndiye."

Maneno hayo yalinitosha. Nilijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa hapo, nikahakikisha nywele zimekaa juu na masikio yako wazi, kwa kuwa yeye ndivyo alivyonipenda. Tukaingia.

Pale kliniki walimwita Usipumue. Daktari wetu alimkodi apige picha za meno ya wagonjwa, kabla na baada ya matibabu, kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu kwa karibu kabisa mpaka jino moja likajaza picha nzima. Kwa umbali ule, sehemu inayotoka wazi ni nyembamba kama ukucha. Mgonjwa akivuta pumzi tu, imepotea. Basi siku nzima neno lake lilikuwa hilo moja, "Usipumue," mpaka dada wa mapokezi akalifanya ndilo jina lake, naye akaitika.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Kazi yangu ni kutengeneza jino linalofanana na majirani zake kiasi kwamba mtu anayekula nawe meza moja asijue langu ni lipi. Siku alipopiga picha jino langu la kwanza, aliniita nitazame kwenye kioo cha kamera yake. "Nimelitafuta, nimeshindwa," alisema. "Ni lipi?" Hakuna mwanamume aliyewahi kunisifia hivyo. Yule niliyeachana naye alikuwa akiniita mchonga meno ya vikongwe.

Kisha akaanza kunipiga picha mimi. Alipiga kope zangu zikiwa na vumbi la plasta. Alipiga kidole gumba changu, chenye kovu la moto wa taa ya gesi. Alipiga sikio langu la kushoto mbele ya dirisha, mwanga ukipenya nyuma yake mpaka likageuka rangi ya waridi, na kwenye ndewe yake matundu mawili ya herini, moja juu ya jingine, kwa sababu nilijitoboa mwenyewe nikiwa shule, bila kioo, nikakosea na kurudia. "Usipumue," alininong'oneza, nami sikupumua. Sitaki kuzipamba saa zile kuliko zilivyokuwa. Mtu alinitazama kutoka umbali wa kiganja, kwa muda mrefu, na hakunichoka. Kwangu hilo lilikuwa jipya.

Picha ya uso wangu mzima hakuwahi kunipiga.

"Hebu nipige na mimi kama watu," nilimwambia siku moja.

"Lenzi hii haioni mtu mzima, mpenzi. Ukizidi urefu wa mkono, imekupoteza. Tazama mwenyewe."

Akanipa kamera nijitazame kwenye kioo cha ukutani. Niliona ukungu wenye rangi ya blauzi yangu. Mimi ni mtu wa kuamini ninachokiona, kwa hiyo niliamini. Nilipomwambia basi tutumie simu, alikunja uso: picha ya simu ni tusi kwa mtu wa kazi yake.

Sebuleni kwao kulikuwa na watu watatu. Mama yake alikuwa mrefu, ameketi wima kwenye kiti cha mbao ilhali nusu ya makochi ilikuwa tupu. Shangazi yake, mnene wa kicheko, alikuwa amevua ndala na kujimwaga kochini. Pembeni ya shangazi alikuwapo msichana wa umri wa miaka ishirini na kitu, amevaa vizuri, mikono imetulia magotini.

"Karibu, fundi," mama alisema. Alinifahamu kwa kazi tu. Mwaka uliopita nilimtengenezea jino la mbele. Aligonga jino hilo kwa ukucha. "Hili hapa. Halijanisumbua."

"Nashukuru, mama. Halichezi ukicheka?"

"Sichekicheki ovyo."

"Kwa hiyo litadumu," shangazi alidakia. "Langu mimi lingekuwa limeshatapakaa barabarani."

"Huyu ni binti wa rafiki yangu," mama aliendelea, akimwelekezea msichana kidevu. "Yuko benki. Nimemwita aje amjue mwanangu."

Nilimtazama Usipumue. Usipumue alikuwa anatazama bakuli la sukari.

Tulipokwisha kuketi ndipo nilipoinua macho nikajiona ukutani. Nilikuwa nimetundikwa pale mara mbili, nimewekewa fremu na kioo: kope upande wa mlango, sikio katikati, juu kabisa ya kiti cha mama. Picha zenyewe nilizijua. Sikujua zimefika huku. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani ameshaanza kusema.

"Unaangalia picha za mwanangu," mama alisema, akinimiminia chai kikombeni. Alikuwa amesimama kushoto kwangu, ameinama. Birika lilisimama hewani kidogo, kisha likaendelea. "Zile ni nyasi zenye umande. Na hili la katikati ni ganda la konokono. Au sivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, mama."

"Uliliokota wapi?"

"Nililinunua. Kuna mtu anauza."

"Mbona lina matundu mawili?"

"Wadudu hao, mama."

"Wadudu." Alirudi kitini kwake, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wadudu gani hao, wanatoboa moja juu ya jingine kama wamepima?"

"Mama naye! Nimuulize mdudu?"

Shangazi aliangua kicheko. Msichana wa benki alitabasamu. Mama alimtazama mwanawe kwa muda ambao wengine hawakuuona, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe, fundi, macho yako yamezoea vitu vidogo. Unaona nini?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na sikio pale, ushahidi umening'inia ukutani na mwingine umening'inia kichwani kwangu. Lakini neno lile lilikuwa lake. Alikuwa ameniahidi langoni, nami nilitaka litoke kinywani mwake.

"Naona aliyelipiga alikuwa ametulia sana, mama," nilisema. "Hata hakupumua."

Usipumue alikunywa chai akaungua ulimi.

"Mke wangu, kula keki," shangazi alimwambia msichana. "Ukikonda hapa tutasemwa."

"Shangazi, unaniita mke na huyo mwenyewe bado hajanisalimia vizuri."

"Ana aibu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Alimtazama wifi yangu huyu miezi sita kabla ya kumwambia habari za asubuhi."

"Akasema, lakini," mama alisema. Kisha akaniuliza, "Una watoto, fundi?"

"Sina, mama."

"Mume?"

"Nilikuwa naye. Tuliachana."

"Ahaa." Aliweka kikombe chini. "Mimi sifichi mtu. Mwanamke akiachika, najiuliza ana nini."

"Wifi! Mgeni huyo!"

"Sijamtukana. Nasema ninavyoona."

"Ni afadhali kusema, mama," nilimjibu, na nilimaanisha.

Kisha nikamtazama mwanawe. Sasa ndipo. Lango lilikuwa limefunguliwa, alibaki yeye kupita. Vikombe vilikuwa vimekaribia kuisha. Alijiinua kidogo kitini, akakohoa.

"Mama," alisema.

Niliweka kikombe changu chini taratibu kisilie.

"Naam."

"Mama... chai bado ipo?"

"Ipo," mama alisema. "Chai ipo tele."

Shangazi ndiye aliyetaka picha. Jua lilikuwa limeingia sebuleni vizuri, alisema, na yeye leo amevaa nguo yake ya maana. "Baba, toa hiyo kamera yako."

"Shangazi, nimekuja na lenzi ya karibu tu. Hii haipigi watu."

"Haipigi watu? Siku yangu ya kuzaliwa ulinipiga na nini? Si hiyo hiyo yenye mstari mwekundu? Nikatoka mzima mzima, mpaka na ndala!"

Alijishughulisha na mkanda wa kamera. Nilikuwa nimesikia jambo ambalo halikubaliani na jambo jingine, na bado sikujua lipi ni la kweli.

"Fundi atupigie," mama aliamua. "Ili naye mwanangu aingie. Kaa hapo, karibu na mgeni wetu."

Mgeni wetu hakuwa mimi. Usipumue aliniletea kamera. "Ni kubonyeza tu," alinong'ona. "Ikikusumbua achana nayo, tutapiga ya simu."

"Ya simu?"

"Basi tu, kwa ajili ya shangazi."

Aliketi kochini kati ya mama aliyesogeza kiti na msichana wa benki. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, nikaweka jicho. Ulikuwa ukungu ule ule. Vivuli vinne, hakuna uso.

"Kamera imekushinda, fundi wa meno?" shangazi aliuliza. "Tufungue midomo?"

"Ngoja nije," alisema Usipumue, akainuka.

"Kaa," mama alisema. "Mwache ajaribu."

Kidole changu kilikuwa kinapapasa ubavu wa lenzi kama kinavyopapasa jino kutafuta kona iliyobaki. Kikakuta kitufe kidogo cha kusukuma. Niliishusha kamera nikakitazama. Upande mmoja palikuwa na alama ya umbali mfupi, ndipo kilipokuwa. Upande wa pili palikuwa na nane iliyolazwa, ambayo kila aliyesoma hesabu anaijua: hakuna mwisho. Rangi nyeupe ya alama zote mbili ilikuwa imefifia kwa kuguswa. Kitufe kile kilikuwa kimesukumwa mara nyingi, kwenda na kurudi.

Nikakisukuma. Kilitoa mlio mdogo. Nikarudisha jicho, nikazungusha lenzi, na ukungu ukaanza kuondoka.

Kwanza alikuja mama, na jino langu mdomoni. Akaja shangazi, kila ua la gauni lake na ndala mbili sakafuni. Akaja msichana, na uzi uliochomoka kwenye mkono wa blauzi yake. Mwisho akaja yeye. Sikuwahi kumtazama kutoka umbali ule kwa makini. Alikuwa mdogo. Mkono wake alikuwa ameuweka juu ya mgongo wa kochi, nyuma ya msichana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja jambo lipite lenyewe. Alikuwa anakitazama kidole changu, na alijua kiko wapi.

"Usipumue," nilimwambia.

Nikabonyeza.

Alinifuata mpaka langoni, kamera shingoni.

"Usikasirike. Yule msichana sikujua kama atakuwepo, wallahi."

"Sina neno na msichana. Niambie habari za kitufe."

Nje ya ukuta mtu alikuwa anaosha gari, maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu vyetu.

"Ulinipa kamera nijitazame kwenye kioo," nilisema. "Ulikuwa umeshakisukuma kabla ya kunipa. Sivyo?"

"Nisikilize."

"Sivyo?"

"Ndivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uso ni uso! Mama akifungua kompyuta yangu akaukuta, nitasema ni nini?"

"Hukosi la kusema. Ungesema ni mwezi."

"Unanikejeli. Hujui nilivyohangaika. Nilitaka uwe kwetu. Nikakuweka pale juu ya kichwa chake, anapita mbele yako asubuhi na jioni, anakupangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Hilo hulioni?"

Alikuwa anaamini alichokisema. Macho yalikuwa yamemlowa, na ningependa kusema sikuumia kuyaona, lakini niliumia. Nilitaka kuunyoosha mkono nimfute. Niliushika mkono huo kwa mwingine.

"Mimi sijawahi kuwa kwenu," nilimwambia. "Aliyekuwa kwenu ni konokono."

"Nipe muda kidogo tu."

"Muda wa nini? Umri wangu hautapungua, na talaka yangu haitafutika."

"Mama yangu ana moyo mgumu, umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Wewe ndiye sijakusikia." Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikasimama wima. "Haya. Nipige sasa hivi. Kuanzia nywele mpaka viatu."

Alinitazama. Kisha, na hili nalo ni lazima niliseme, aliinua kamera. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe bila kukitafuta. Nilisikia ule mlio mdogo. Aliweka jicho, akazungusha, na kwa mara ya kwanza nilijua ananiona nilivyo, na mkoba wangu, na magoti yangu, na umri wangu.

Dirishani pazia la sebuleni lilisogea.

Alilitazama. Akaishusha kamera.

"Mwanga si mzuri," alisema.

Ilikuwa saa kumi alasiri, na jua lilikuwa linanipiga usoni sawasawa. Nilifungua lango mwenyewe.

Hakuja tena kliniki. Alimtumia daktari ujumbe kwamba amepata kazi ya kupiga picha za vipuri, na daktari akaleta mpigapicha mwingine, kijana anayewaruhusu wagonjwa kupumua, ndiyo maana nusu ya picha zake hazifai.

Aliyekuja ni mama yake. Jino lilikuwa limevunjika alipotafuna mfupa, alisema, akakitoa kipande kwenye leso. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo nilimkalisha mimi. Nilichanganya dawa ya kuchukulia chapa ya meno, nikaijaza kwenye sinia dogo, nikaliingiza kinywani mwake na kulishikilia.

"Usimeze, mama. Pumua kwa pua. Pumua tu."

Kinywa kilikuwa kimejaa, hakuweza kusema. Nilikuwa nimemwinamia, sikio langu la kushoto liko umbali wa kiganja kutoka machoni pake. Alilitazama muda wote ule dawa ilipokuwa inaganda. Hakuyaondoa macho. Nami sikulifunika.

Nilipolitoa sinia, alijifuta mdomo taratibu, kwanza kona moja, kisha ya pili.

"Ile picha uliyopiga imetoka vizuri," alisema. "Tumeitundika. Kila mtu anaonekana."

"Mmeitundika wapi, mama?"

"Palipokuwa na ganda."

Nilikwenda kusuuza mikono ambayo haikuwa michafu.

"Nilikujua nilipokuwa nakumiminia chai," alisema nyuma yangu. "Matundu yale nimeyapangusa vumbi mwaka mzima, nisiyajue? Nilimuuliza makusudi. Nikamuuliza tena. Nikakuuliza mpaka wewe, nimpe nafasi. Nilitaka nione nimezaa mtu gani."

"Ukaona?"

"Nikaona wadudu."

Nilifunga bomba. "Angesema, ungenikubali?"

"Hapana." Hakufikiri hata kidogo. "Umeachika, na umemzidi umri. Ningekukataa mchana kweupe, umeketi mbele yangu, na chai yangu mkononi mwako. Ungelia, ungenichukia, pengine mngenishinda, maana vijana hushinda. Lakini ningekukataa wewe. Mimi siwezi kumkataa konokono."

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amenipa heshima kubwa kuliko ile.

"Chagua rangi, mama," nilisema, nikamletea kipimo chenye meno ya rangi mbalimbali.

"Weka ile ile. Lisijulikane."

"Halitajulikana."

Alipoinuka alitoa mkobani kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi, kati ya plasta na taa ya gesi. "Nilikosa pa kukitupa," alisema. Mlangoni alisimama, akarekebisha kitambaa chake, akaenda bila kugeuka.

Nilisubiri mpaka nyayo zake zimeisha kwenye korido, kisha nikafungua. Kioo kilikuwa safi, alikuwa ameshakipangusa. Nilikisogeza dirishani nikalitazama sikio langu kama ninavyotazama kazi ya mtu mwingine, nikitafuta mahali palipotoka wazi. Palikuwa kwenye ukingo wa tundu la chini, mahali padogo kama ukucha. Palikuwa pamepigwa vizuri sana, hata vinyweleo vya ndewe vikihesabika. Kwingine kote, ndani na nyuma na kando, kote nilikokuwa mimi, palikuwa ukungu.

Niliifunga tena picha kwa gazeti lake. Chapa ya mama ilikuwa inaanza kukauka pembeni, na ikikauka hujikunja, jino halitakaa. Nikachanganya plasta.